Fisi na Dodoki la Mfalme

Mwaka ule jua liliwaka mpaka chura akasahau kuogelea. Mto ulibaki mchanga mtupu, na wanyama wakawa wanaamka alfajiri kulamba umande. Aliyekuwa akioga ni mmoja tu: Zumaridi, perege wa Mfalme Simba, aliyewekwa kwenye tangi la kioo lililoachwa na watu wa kambi. Simba hakumla. Alimfuga ili wageni wajue kwamba yeye ana maji ya kuchezea.

Kazi ya Sungura ilikuwa kuchota maji ya tangi kila asubuhi na kuyamimina kwenye mtungi uliotobolewa kitako, wenye dodoki ndani. Maji yalipita kwenye dodoki, yakaacha uchafu wake, yakadondoka tena tangini. Kazi ya Fisi ilikuwa kubadilisha dodoki hilo mara moja kwa mwezi. Lakini Fisi akaanza kulibadilisha kila siku, na Mfalme akamsifu kwa usafi.

Basi Zumaridi akaanza kuugua. Maji yakawa meupe kama ya kuoshea mchele, naye akawa anaelea ubavu.

"Sungura anamimina vibaya," Fisi akasema barazani, uso kaukunja kwa huzuni. "Mikono yake michafu."

Simba akanguruma. "Samaki wangu akifa, Sungura anaingia chunguni."

Sungura alirudi mbio kwenye tangi. "Dada Zumaridi, usife, tafadhali. Mimi bado sijaoa."

"Basi nirudishieni dodoki langu," Zumaridi akajibu kwa shida. "Ule utelezi wake ndio unaokula uchafu wa maji. Haujashika vizuri, yule Fisi mlafi keshalichomoa, kaenda kulifyonza nyuma ya kichuguu kwa sababu linanuka samaki!"

Sungura alitaka kucheka, akakumbuka chungu. Hakwenda kushtaki, nani angemwamini mshtakiwa? Alikwenda kwa Mfalme akajilaza kifudifudi.

"Mfalme wangu, nipe siku saba dodoki lisiguswe. Samaki akifa, nipike kwa viungo unavyopenda."

"Uchafu huo!" Fisi akapiga kelele. "Mfalme atanuka!"

"Mfalme hanuki!" Simba akafoka, na kwa hasira hiyo akakubali.

Siku ya tatu maji yalianza kung'aa. Siku ya nne Zumaridi akaomba chakula. Sungura akakata kipande cha dodoki, akakibana chini ya jiwe mle tangini, maana alimjua Fisi. Fisi mwenyewe alikuwa amekonda kwa hamu; kila alipopita karibu na mtungi, udenda ulimtoka. Siku ya sita, mchana, Simba akiwa amesinzia, uzalendo ukamshinda. Alitumbukiza kichwa kizima mtungini, akaling'ata dodoki.

Kichwa kikakwama. Ulimi ukatokeza kwenye tundu la chini.

Simba akafumbua jicho moja. "Fisi, unafanya nini?"

"Nasafisha, Mfalme," sauti ikatoka mtungini.

"Kwa ulimi?"

Wanyama walikuja mbio wakamvuta miguu ya nyuma. Wapi! Sungura akaugonga mtungi taratibu. "Kaka Fisi, mashavu yamejaa. Tema dodoki, kichwa kitatoka."

"Nikitema mtalichukua!"

Simba aliona aibu kuliko hasira, kwani sifa zote za Fisi zilitoka kinywani mwake. "Mfukuzeni," akasema. "Na mtungi wake."

Kile kipande cha chini ya jiwe kikatiwa kwenye mtungi mwingine pamoja na dodoki jipya, Zumaridi akanenepa, na Sungura akaanza kutafuta mchumba. Kazi ya Fisi aliichukua Simba mwenyewe, maana hakumwamini mtu tena. Siku ya kubadilisha huwaamuru wote wageuke, wasimwone mfalme akikamua dodoki.

Fisi naye aliondoka akigonga miti. Ndugu zake walimkuta bondeni wakamsihi ateme, wakamsihi tena. Mpaka ninapokusimulia haya, hajatema. Angetema tu angekuwa huru, lakini mlafi humwambii hilo.