Tanuri Halizimwi kwa Ndoo

Mtu mmoja alikuwa na tanuri la matofali na mama mgonjwa. Jina lake Kiondo. Tanuri alilijua kama kiganja chake. Ugonjwa wa mama hakuujua hata jina.

Ulianza mdomoni, vidonda, hata uji haupiti. Halafu mgongo ukaota malengelenge, yale ya mtu aliyeungua, na hakuna moto uliomgusa. Yakipasuka, ngozi inabaki kwenye shuka, mpaka ikabidi mama huyo, Bi Naetwe, alazwe juu ya majani ya mgomba. Majirani wakanong'ona yale wanayonong'onaga siku zote, kwamba amerogwa. Hospitali, daktari akamwambia Kiondo kwamba walinzi wa mwili wamegeuka. Wameacha kukimbiza wezi, wanampiga mwenye nyumba. Vidonge vinawalaza. Vikiwa vichache, wanaamka na rungu zao. Vikizidi, wanalala fofofo, mwizi yeyote anaingia, sukari inapanda, mifupa inaishiwa nguvu. Kwa hiyo kipimo kimepimwa kwa mgonjwa huyu na vidonda hivi, na kitashushwa kidogo kidogo, maana mwili ukishavizoea, kuvikata ghafla kunauangusha. Kupandisha au kushusha, aje kwanza.

Kiondo akaitikia. Ila woga hauna masikio.

Kikitokea kidonda kimoja, anaongeza kidonge. Kikichelewa kukauka, anaongeza kingine. Ngozi ikakauka kweli, lakini uso wa mama ukavimba, ukawa duara. Pale kwenye kibanda cha chai wakamtania, "Kiondo, mama unamlisha hamira?" Akacheka nao. Akirudi nyumbani anauangalia ule uso, anaona mtu mgeni amebaki na macho ya mama yake. Woga ukahamia upande wa pili. Akajiambia, ngozi si imeshapona, sasa dawa yenyewe ndiyo inamla. Asubuhi moja akavitupa vidonge vyote chooni.

Haukupita muda, mama akashindwa kunyanyuka. Jasho la baridi, anatapika, maneno yanakatikia njiani. Malengelenge nayo yakarudi, safari hii yamekuja na ukoo mzima. Kiondo akampakia kwenye bajaji ya jirani, kila tuta anaomba Mungu.

Walimwahi. Daktari hakufoka, aliuliza tu dawa ilishushwaje. Kiondo akaanza kuzunguka, mara ziliisha, mara duka lilifungwa. Bi Naetwe akafungua macho pale kitandani.

"Baba, tanuri lako huwa unalizima kwa ndoo ya maji?"

Kila mchoma tofali anajua: ukiendelea kusukumia kuni wakati tofali zimeshaiva, zinayeyuka, zinagandana. Na moto ukishamaliza kazi yake, unaziba midomo ya tanuri kwa tope, unaliacha lipoe lenyewe. Anayelimwagia maji anaokota vipande. Hayo marehemu baba yake alimfundisha tangu mdogo, na hajawahi kukosea hata tanuri moja. Kwa udongo alikuwa na subira. Kwa mama yake alikuwa na haraka.

Mama yuko hai. Dawa ilianza upya, juu kama mwanzo, na sasa inashuka taratibu, daktari akiangalia. Hakuna aliyemwahidi Kiondo kitu.

Juzi asubuhi alikuwa anambadilishia mama majani. Chini ya bega akaona lengelenge dogo, kama punje ya mtama. Mkono ukaenda wenyewe kwenye pakiti ya vidonge, ukafika, ukaishika. Ukasimama hapo. Kisha akairudisha, akamfunga mama kanga, akatoka kuita bajaji.

Na wewe unayeuguza mtu ndani, mkono wako ukishafika kwenye pakiti, nani anapima: kidonda, au woga wako?