Kwa Nini Jembe Hutangulia Msalaba Katika Hija ya Mpandule

Kwa jina la Mungu aliyeinua milima na kuiamuru mito ishuke, na kwa heshima ya wote waliolala katika udongo huu mwekundu wakingoja ufufuo, sikilizeni, enyi mliokuja kutembea. Habari hii asili yake ni Lihanda, bondeni, penye kanisa la kwanza la matofali. Ikapanda hadi Ngumbale, penye kanisa la pili, lile ambalo kengele yake imepasuka ukingo na bado inasikika ng'ambo ya mto. Ikakomea Mpandule, kileleni, katika kanisa la Mtakatifu Yosefu. Waliotupokeza ni watu wa vijiji vitatu hivyo, nao waliipokea kwa waliokuwamo.

Zamani hizo njia ya hija haikupinda. Ilitoka katika mlango wa Lihanda, ikapita ubavuni mwa kanisa la Ngumbale, ikapanda mlima moja kwa moja mpaka mlango wa Mpandule, imenyooka kama kamba iliyovutwa. Haikugusa ua wa mtu yeyote. Mahujaji walipita na litania zao bila kumwamkia aliyesimama mlangoni pake, kwa kuwa waliamini kwamba anayemwendea Mungu hageuki kando.

Watu wa milima hiyo walikuwa, kama walivyo leo, mafundi wa kulima ngolo. Mwanamume hufyeka nyasi na kuzilaza kwa miraba juu ya mteremko. Mwanamke huchimba udongo wa katikati ya kila mraba na kuzifunika nyasi hizo. Hubaki mashimo yaliyopangana kama sega la nyuki, kila moja limezungukwa na matuta yake. Mvua inyeshe itakavyo, maji hukaa shimoni hadi ardhi iyanywe, na udongo hauendi popote. Hakuna mteremko ambao watu hao waliuacha uchi, ila mmoja tu, nao ulikuwa njia ya kwenda kanisani. Hapo waliona ni utovu wa adabu kupeleka jembe. Jembe ni la chakula, walisema, na njia ni ya sala. Kila mwaka waliikwangua nyasi mpaka ikang'aa kama sakafu, na kila masika mvua iliichimba, hata ikawa mfereji unaomficha mtu mzima.

Juu kidogo ya Ngumbale, kando ya mfereji huo, palikuwa na shamba la mjane mmoja, Longina Hyera. Mwaka huo, Kwaresima ilipoanza, wazee wa kanisa walikwenda kwake wakiongozwa na katekista wao, Mwalimu Optatus Mbunda.

"Mama Longina," alisema Optatus, "njia imekufa. Tupe shamba hili tuinyooshe upya."

"Mtainyoosha, halafu?"

"Halafu tutapita."

"Na maji nayo yatapita, Mwalimu. Mtakuwa na mifereji miwili, na huu wa pili utaishia kwenye ukuta wa kanisa hapa chini. Kwani shambani kwako huwa unakwangua hivyo?"

Optatus, ambaye ngolo zake zilisifiwa katika vijiji vyote vitatu, alitazama pembeni. "Kule ni kwangu. Hapa ni kwa Bwana."

"Basi Bwana amepewa shamba baya kuliko la Optatus."

Wazee walicheka, na kicheko hicho ndicho kilichomchoma katekista. Palepale akatamka kwamba Longina hatatembea na mahujaji mpaka alitoe shamba.

Adhabu hiyo haikuwa ndogo. Longina aliupanda mlima ule tangu alipokuwa mgongoni kwa mama yake. Mumewe alizikwa kileleni, na siku ya hija ndiyo siku ambayo majina ya marehemu wa Mpandule yalisomwa mbele ya umati, kila jina likaitikiwa na jamaa yake. Asipokuwapo, jina la mumewe lingesomwa na kuachwa bila wa kuliitikia. Akilitoa shamba, mlima wenyewe ungeporomoka. Alikaa na mawazo hayo hadi sikukuu ya Mtakatifu Yosefu, siku ya hija, na shamba hakulitoa.

Siku hiyo watu walipopanda, jirani yake Gaudensia alibaki naye. "Mimi magoti yananisumbua," alisema Gaudensia, ambaye siku chache kabla ya Kwaresima alikuwa amecheza arusini mpaka wapiga ngoma wakaomba kupumzika. Longina alitabasamu kidogo, akachukua jembe kwenda kuziba tuta lililobomoka. Maharage yalikuwa yamechipua, majani mawili mawili.

Mvua ilianzia kileleni. Kabla haijafika Ngumbale, maji yake yalikuwa yamekwisha kuukuta mfereji, na mahujaji walikuwa ndani yake. Longina alisikia litania ikikatika katikati ya jina la mtakatifu. Akatazama, akaona msalaba peke yake ukiyumba juu ya ukingo, kama unatembea bila mbebaji.

Alikimbia. Gaudensia alimshika kanga. "Watakukanyagia maharage yote."

"Najua," alisema Longina, akajichomoa.

Chini, Optatus alikuwa amesimama katika maji ya kiunoni, msalaba mikononi, na nyuma yake watu wameshikana wasisombwe. Longina alilala kifudifudi ukingoni, akamteremshia jembe.

"Shika mpini, Mwalimu."

"Pokea msalaba kwanza."

"Msalaba ni mti, unaelea. Wewe huelei. Shika mpini."

Akashika. Longina na Gaudensia wakavuta, na aliyetoka akamvuta mwenziwe, hata wote wakasimama shambani, wanatetemeka, machipukizi yamelala chini ya nyayo zao. Mashimo yote yalikuwa yamejaa maji, na matuta mapya yalikuwa laini. Aliyekanyaga pasipo penyewe alizama hadi gotini. Optatus akauinua msalaba aongoze, maana haikuwahi kuonekana mtu akiutangulia. Akapiga hatua moja, akadidimia. Akasimama, akamgeukia mjane.

"Tangulia, mama."

"Nitangulie msalaba?"

"Tangulia. Shamba unalijua wewe."

"Nawe ulisema nisitembee."

"Nilisema vibaya mbele ya watu, na mbele ya watu hawahawa naomba unisamehe. Twende."

Longina akapita mbele, akipima kila tuta kwa jembe kabla ya kulikanyaga. Waliotoka shambani mwake waliingia la Gaudensia, kisha la mwingine, wakifuata matuta yalivyokata kona, wakipita milango ambayo hawakuwahi kuiamkia. Kila ua walioufikia, mwenye shamba alitoka na jembe lake kuwaonyesha pagumu. Hivyo ndivyo walivyofika Mpandule, kwa upande ambao hakuna hujaji aliyewahi kuujia.

Walikuta mfereji wa njia umekwea ukiula udongo hadi chini ya ukuta wa kanisa, na mawe ya msingi yako wazi. Optatus aliusimamisha msalaba penye mlango, akaazima panga, akaanza kufyeka nyasi. Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Wanaume walilaza miraba mahali njia ilipomalizikia, wanawake wakachimba na kufunika, mvua ikiwapiga migongoni, kama walivyofanya nyumbani kwao miaka yote. Mvua ilipokata, maji yalikuwa yametulia mashimoni, na ukuta umesimama. Ndipo misa ikaanza, wakiwa wamejaa tope hadi vifuani, na liliposomwa jina la mume wa Longina, mkewe aliitikia kwa sauti iliyojaza kanisa.

Na tangu siku hiyo njia ya Mpandule hupinda kufuata matuta, mlango kwa mlango, na hujaji hapiti ua bila kuamkia. Njia ya kale ni ngolo tupu, haina chembe ya udongo inayoshuka, na kila apandaye hulaza juu yake kumbatio la nyasi. Mbele ya msalaba hutangulia mwanamke mkulima, jembe begani. Makanisa yenye minara mirefu yapo mengi, na njia pana zipo. Lakini watu wa milima hii hutembea kifua mbele, wakijua kwamba kazi ya mikono yao imepewa nafasi ya kwanza katika ibada.

Nanyi mliosikiliza, Mungu awape miguu isiyochoka na mashamba yasiyomomonyoka. Awape mlango wa kuamkia kila mfikapo, na siku majina yenu yatakapokuja kusomwa, asikose wa kuyaitikia. Amina.