Maji ya Mlonge Kwenye Nyanya za Mzee Shemdoe

Hapo zamani, na mwaka msiniulize maana sikusomea miaka, pale milima ya Usambara inapoishia aliishi Mzee Shemdoe. Wanawe watatu walikwenda kukata mkonge, hakurudi hata mmoja. Wakabaki wake zao: Mwajabu, Sikudhani na Chausiku. Likabaki na shamba moja la bondeni, lenye zamu moja ya maji ya mfereji. Ukiligawa, maji hayafiki mwisho. Asiyelima bondeni analima mawe huko juu, na mawe hayaliwi.

Mwaka huo nyanya zikawa njano. Udongo umechoka, samadi hakuna, mbuzi wameisha kwa ugonjwa. Mzee akasema, "Atakayeziokoa nyanya hizi, bonde ni lake. Wawili watafute pa kwenda."

Mwajabu akasema, "Baba, mama yangu alinifundisha. Majani machanga ya mlonge unayatwanga, unakamua, unachuja, unazidisha maji, unanyunyiza. Mmea unaamka."

Mlonge ulikuwa mmoja tu, nyuma ya nyumba ya Sikudhani, na majani yake yalikuwa na kazi. Mtoto wake wa miaka miwili alipungukiwa damu, na kila siku alitiliwa majani yale kwenye uji.

"Mwenzangu," Mwajabu akamwambia, "bonde likifa, huo uji utaupika na nini?"

Sikudhani akautazama mti, akamtazama mtoto. "Chuma."

Wakachuma mpaka mti ukabaki fimbo. Wakanyunyiza. Nyanya zikanyoosha shingo, zikatoa vijani vipya, halafu zikasimama pale pale.

Chausiku akacheka. "Mmewaamsha wenye njaa na jikoni hamna kitu! Maji hayo yanatia hamu, hayashibishi."

Akaenda kwake, akatoa kopo la mbolea ya dukani aliloviwekea vitunguu vyake. Kumbe alikuwa nalo siku zote, amekaa kimya anawatazama wenzake wanatwanga. Akatia kidogo kidogo, ncha za vidole vitatu kila shina. Mlonge ulikuwa umeanza kuchipua. Mwajabu akaenda akachuma hata vichipukizi, safari hii bila hodi, akanyunyiza tena. Kile chakula kidogo mizizi ikakifyonza chote. Nyanya zikawa kijani, zikazaa mpaka miti ya kuegemea ikainama.

Vitunguu vya Chausiku vikafa kwa kukosa mbolea ile. Mtoto wa Sikudhani naye akafa, kabla nyanya hazijaiva. Kama ni majani au siku zake zilikwisha, anayesema anajua ni mwongo.

Walipotoka kuzika, Mzee akawaita.

Mwajabu akasema, "Bila akili yangu mngekuwa mnatazama majani makavu."

Chausiku akasema, "Akili yako iliwasimamisha njiani. Chakula nilitoa mimi, na vitunguu vyangu vimekwenda."

"Ulikificha wiki nzima!"

"Na wewe uliiba vichipukizi vya mtoto mgonjwa!"

Wakamgeukia Sikudhani. Udongo wa kaburi ulikuwa bado miguuni. Akasema, "Mimi sikujua kutwanga wala sina kopo. Nilikuwa na mti."



Haya, mnaojifanya mna huruma na mnaojifanya mna akili, semeni. Na asiniambie mtu wagawane, nimeshasema zamu ya maji ni moja. Wawili watapanda kwenye mawe. Je, nani alistahili bonde?