Boksi ni la Mteja

Hivi nyinyi, mmewahi kufungua kitu mkakuta ndani kuna kufungua tu?
— Tumewahi!
Basi ngano na ije.
— Ije, ikae, tuisikie!

Alikuwapo Fisi, bwana ghala. Mtama wote wa mbuga ulikuwa kwake. Kila kikombe alikitia kwenye karatasi, karatasi kwenye mfuko, mfuko kwenye boksi, boksi kwenye boksi. Unafungua, krrr! Unafungua, krrr! Unafungua, krrr! Unafika chini: mtama kiganja kimoja, eti premium.

Na alikuwapo Buku, yule panya mkubwa wa porini, mama wa watoto watano, mwenye digrii ya usanifu majengo na sivii iliyochakaa kwa kukunjwa. Aliomba kazi kwa Fisi, akaulizwa, "Experience iko wapi?" Akarudi nyumbani. Shimo lake haliingiliki! Takataka za Fisi zimelijaza hadi mlangoni, na mawingu yameshakuwa meusi.

Akarudi ghalani mbiombio. Wanyama wako foleni.

"Shikamoo, mzee. Maboksi yako yameziba nyumba yangu. Wanangu watalala wapi?"

"Marahaba. Yangu? We mama, una wazimu? Mimi nauza mtama. Boksi ni la mteja!"

"Hata likiwa kubwa?"

"Hata likiwa kubwa!"

"Hata likiwa kuukuu?"

"Hata likiwa kuukuu! Boksi lolote lenye nembo yangu, popote lilipo, ni la mteja. Lichukue, uondoke nalo!"

"Jamani, mmesikia?"

"Tumesikia!" foleni ikaitika. Nyumbu akaongeza, "Kasema kwa mdomo wake wote, na si mdogo."

Buku akashukuru, akazunguka nyuma ya ghala. Sasa, Fisi kwa ubahili wake hakununua hata bati moja. Kuta zake maboksi. Paa lake maboksi. Yote yana nembo.

Kwaru! Buku akang'oa moja. Kwaru! Nyumbu naye. Kwaru kwaru kwaru! Foleni nzima.

"Acheni! Huo ni ukuta!"

"Ni boksi, mzee," Buku akasema. "Soma nembo."

Akayapanga juu ya mawe, tabaka kwa tabaka, yakawa nyumba, akayapaka nta ya nyuki. Mvua ikaja, chwaaa! Watoto watano wakalala pakavu, wakikoroma. Mtama wa Fisi ukaloa, ukavimba, ukaota palepale. Uliobaki Fisi akaupima bila kufunga, kila mteja na kibuyu chake mkononi.

Ngano nimeitua.
— Itue, tumeipokea!

Funzo, wanangu: msisome usanifu. Someni kufunga maboksi, huko ndiko kwenye ajira.

Na nyinyi wenye viwanda, pamoja na nyinyi mnaowasainia vibali: tokeni hadharani mseme takataka hizi ni za nani. Mkishasema, leteni malori yenu, mzizoe wenyewe!