Gurudumu la Robo Saa

Mkakasi ni kijaluba kilichonakshiwa vizuri hata macho yasitake kubanduka, lakini ukikifunua hukuti ndani ila kipande cha mti. Wahenga walikitaja kutuonya tusihadaike na sura ya kitu. Wengi huisoma methali hii darasani. Bahgat aliisoma akiwa na tende mdomoni.

Bahgat alikuwa mtoto wa pekee wa Haji Gaber, mwenye karakana ya marumaru chini ya majabali ya Mukattam, pembeni mwa Kairo. Baba alitaka mwanawe ashike msumeno wa mawe. Mwana alitaka kutengeneza programu za simu, kazi ambayo Haji aliiita kubofyabofya. Ramadhani ilipokaribia wakaafikiana: Bahgat atengeneze programu ya kuwaita wafanyakazi arubaini kwenye futari. Ikifaa, baada ya Idi angeiaga karakana kwa radhi za baba yake.

Alijifungia siku kumi, na nyingi kati ya hizo zilimalizikia kwenye kidirisha kimoja tu, kile cha kuchagulia saa. Kilichokuja na simu alikiona kimepooza kama sahani ya hospitali. Akakitia rangi ya dhahabu, akakizungushia nakshi za msikitini, na kwa kuwa dakika sitini zilijazana, akazipunguza zikabaki nne: kamili, robo, nusu na kasorobo. Gurudumu la kuzungushia saa hizo likawa linateleza kama samli.

Binamu yake Shahinaz, ambaye kazi yake ilikuwa kujaribu programu kabla hazijatoka, aliligeuza mara tatu akaguna.

"Dakika zangu umezipeleka wapi?"

"Zilikuwa zinaharibu sura."

"Sura? We Bahgat, unaoa au unatengeneza saa? Jua halitui kwa robo robo!"

"Dakika mbili tatu nani atazihesabu?"

"Aliyefunga."

Bahgat akacheka, na maneno yakaingilia sikio hili yakatokea lile.

Siku ya kwanza magharibi iliingia saa kumi na mbili na dakika tisa. Bahgat akategesha kengele kwenye robo, akaiamuru ijirudie kila siku. Dakika sita za subira, alijisemea, hazimuui mtu. Redio kuukuu, ambayo Haji aliitegemea miaka yote kwa mlio wa mzinga unaopigwa kutangaza futari, ikafungiwa kabatini. Uani jenereta iliunguruma hata adhana ya msikiti wa mbali isisikike, jua lilijificha mapema nyuma ya jabali, na kalenda ya Ramadhani ukutani ilizibwa na vumbi la mawe. Simu za wafanyakazi zilikaa sandukuni zisiharibike. Basi kengele ikilia kutoka simu ya Bahgat mezani, watu arubaini wenye njaa hawaulizi swali. Haji akaanza hata kuwatambia majirani: "Ya mwanangu hiyo!"

Siku ya kumi na nane jenereta iliishiwa dizeli mara tu walipokaa mezani. Kimya kikatanda. Kengele ikalia kwa sauti yake tamu, watu wakapiga bismillahi, tende zikatafunwa na supu ikapakuliwa.

Ndipo sauti nyembamba ikaja kutoka ng'ambo ya jabali: Allahu Akbar.

Vijiko viliganda hewani. "Hiyo adhana ya nini?" mtu mmoja aliuliza. Haji aliinuka, akaiendea kalenda, akaifuta kwa kiganja. Magharibi ya leo: saa kumi na mbili na dakika ishirini. Kidole chake kikapanda mstari kwa mstari mpaka kwenye dakika ya kumi na sita, tarehe kumi na moja ya mwezi, siku ambayo jua, linalozidi kuchelewa kutua msimu huo, lilianza kuipita robo. Alipogeuka, uso ulikuwa umemsawajika.

"Siku nane," alisema. "Siku nane tumekula mchana!"

Bahgat aliinyakua simu yake. "Baba, wallahi sikujua… gurudumu halikuwa na…"

"Halikuwa na nini?"

"Dakika."

"Saa haina dakika? Umenipa bamba lililong'arishwa juu, chini chokaa!"

Ami Darwish, mkataji mkongwe kuliko wote, alitua kikombe chake polepole. Kila mtu alijua ana ugonjwa wa sukari.

"Daktari alinikataza kufunga," alisema. "Nikamwambia niache nifunge mwaka huu tu, huenda ndio wangu wa mwisho. Sasa hizi nane nitazilipa lini, mwanangu?"

Hakukuwa na hasira katika swali lile, na hilo ndilo lililomliza Bahgat mbele ya watu wazima.

Haji hakumpiga wala hakumfukuza. "Tutazilipa Mfunguo Mosi, sote pamoja," alisema. "Kila jioni utapanda juu ya jabali, uisikie adhana kwa masikio yako, ndipo utupungie kitambaa. Hayo ya kuondoka tutayazungumza ukishuka siku ya nane."

Jioni ya pili ya Mfunguo Mosi, siku ya kwanza ya kulipa, Bahgat alisimama juu ya jabali, kitambaa cheupe mkononi. Chini uani aliwaona watu arubaini wamekaa, na mbele yao ami Darwish, tende kiganjani, uso kaunyanyua kumtazama yeye. Gurudumu la dhahabu lilikuwa mfukoni, bado zuri kuliko saa zote za Kairo, na hakuligusa. Alingoja, robo ikapita, dakika baada ya dakika zikapita, hadi ya ishirini na nane, adhana ilipomfikia, ndipo akapunga kitambaa. Hakika, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.