Kasuku wa Darul-Fahamu na Ukurasa Usiosomwa

Wamesimulia waliosimulia kabla yangu, na mimi sikuongeza ila chumvi kidogo, ya kwamba mji wa Zumaridi ulitawaliwa na Sultani Shahanuri bin Kamili, mtu mwepesi wa kutoa na mwepesi wa kuapa, na katika mji huo palikuwa na chuo kikuu kiitwacho Darul-Fahamu, chenye nguzo mia na mlango mmoja tu. Na hakuna aliyeingia mlango ule ila aliyevikwa kilemba na masheikh, akakaa ndani miaka saba akisomewa vitabu na kuitikia "Naam", na siku ya kutoka akapewa ijaza, hati ya kuhitimu yenye muhuri, akapita sokoni kifua mbele na watu wakimpisha. Mfinyanzi, mchimba visima, mama muuza maandazi, hao walisikia sauti tu kwa nje, kisha wakaenda zao.

Na chini ya nguzo ya katikati alifungwa jini aitwaye Dhurgami, miaka mia tatu, kwa kosa ambalo hata waliomfunga walikwisha kulisahau. Siku moja nguzo ikapata ufa, na Dhurgami akachomoka kama moshi wa jikoni, na jambo la kwanza alilofanya ni kuwapulizia kasuku waliokuwa wakilala madirishani, kizazi baada ya kizazi, wakisikiliza masomo. Lahaula! Kasuku elfu wakafunguka ndimi, wakaruka na kutua juu ya mapaa ya mji mzima, na kila aliyeuliza akajibiwa: tiba, hesabu, nyota, sheria, yote bure, na kilemba hakuna.

Haukupita mwezi, wanafunzi mia nne wakabaki tisa. Sultani akaja kutazama, akamkuta sheikh mmoja akizisomea nguzo, akacheka mpaka machozi yakamtoka, kisha akakasirika.

"Enyi masheikh," akasema, "ninawalisha na kuwavika ili mniambie maneno ambayo ndege ananiambia nikinyolewa ndevu? Wallahi nawapa siku arobaini. Nionyesheni jambo moja mnaloliweza ninyi, na kasuku hawaliwezi. Mkishindwa, nyumba hii itakuwa banda la ndovu wangu, na vitabu vitakuwa matandiko yao."

Aliyeumia zaidi kwa maneno hayo ni Mwanakheri binti Badawi, mtunza vitabu. Alizaliwa katika chumba cha nyuma ya makabati, akajifunza kutembea kwa kushika rafu, na baba yake alipokufa alimwachia funguo na neno moja: "Vitunze." Sasa alivitazama vile vitabu, akawaza mguu wa ndovu.

Mkuu wa chuo, Sheikh Abdulmuhsini, akamwita pembeni. "Binti yangu, ndani ya sanduku lako imo pete ya jini. Mwenye kuivaa na kuisugua hutiiwa mara moja tu, na haimkubali mtu ila mtunza vitabu. Ivae, umwamuru Dhurgami awafumbe kasuku midomo, na sisi tuendelee na kazi yetu."

"Na hao watu walioanza kujua, sheikh wangu, tuwafumbe nini?"

"Usinijibu, mwanangu."

"Nakujibu kwa heshima zote, lakini nakujibu. Nipe kwanza hizo siku arobaini." Na pete akaivaa, asiisugue.

Asubuhi ya siku ya tatu akasikia zogo mlangoni. Alikuwa Mbwarali, mchimba visima, matope mpaka magotini, akivutana na bawabu.

"Bila kilemba huingii!" bawabu akapiga kelele.

"Kilemba nikifanyie nini mimi? Nataka maji! Nimemfuata kasuku neno kwa neno, nimechimba visima vitatu upande wa kaskazini wa kilima, dhiraa ishirini kila kimoja, na nimepata vumbi. Nikamwuliza ndege, kwa nini? Akanirudia somo lile lile tangu mwanzo. Mara nne! Ilibaki kidogo nimkaange."

Mwanakheri akacheka kwa mara ya kwanza tangu siku ya Sultani, akamwambia, "Ingia, ndugu yangu," na bawabu akabaki mdomo wazi kama anayengojea kulishwa.

Akakitoa Kitabu cha Maji. Sasa sikilizeni ada ya watu wale, maana ndiyo iliyowaponza. Ukurasa wa kwanza wa kila kitabu ulikuwa wa salamu, na mwandishi humo humsifu sultani wa nchi yake, na masheikh wa Zumaridi waliona ni dharau kumsifu sultani wa ugenini kwa sauti. Basi waliufunua haraka, wakaanzia wa pili. Ndivyo walivyosoma wao, na baba zao, na ndivyo walivyosikia kasuku. Mwanakheri mwenyewe alikifuta kitabu kile vumbi kila Ijumaa, na ukurasa ule hakuwahi kuusoma.

Akausoma sasa. Baada ya sifa za sultani wa watu, mwandishi alisema: "Ewe msomaji, haya nimeyaandika kwa nchi ya Kashbuni, ambako miamba imeinamia kaskazini. Ukiwa nchi nyingine, usinifuate mpaka uwaulize wachimbaji wa huko miamba yao imeinamia wapi."

Uso ukamwaka kwa aibu. "Ya kwetu imeinamia wapi, Mbwarali?"

"Kusini, bibie. Kila mchimbaji anajua. Mimi nilidhani kitabu kinajua kunishinda."

Tangu saa ile Mwanakheri hakutulia. Aliamuru mlango uachwe wazi, na bawabu aliyezoea kuwazuia watu akapewa kazi ya kuwapokea na kuwapa maji ya kunywa. Wale wanafunzi tisa akawavua viatu, akawateremsha visimani na kamba za kupimia, wakalalamika siku mbili, na siku ya tatu wakawa wanagombania zamu. Mfinyanzi akaja na udongo wa aina kumi na moja viganjani. Mama muuza maandazi akaja na dawa ya kikohozi aliyofundishwa na kasuku, iliyomlaza mumewe siku tatu, akataka ajue kosa liko wapi, na sheikh wa tiba, aliyefundisha dawa hiyo miaka thelathini bila kuipika hata mara moja, akaipika mbele yake, na ikamshinda. Wakaikosoa pamoja. Sheikh Abdulmuhsini alipita kando akinung'unika kwamba chuo kimekuwa gulio, lakini jioni alionekana akiinama kuchungulia ule udongo.

Siku ya arobaini Sultani, aliyealikwa na Mwanakheri aone maji ambayo kasuku walishindwa kuyatoa, akaja kilimani na ndovu saba, tayari kwa kuhamia. Mbwarali alikuwa chini shimoni, upande wa kusini. Dhiraa kumi na nane, pakavu. Dhiraa ishirini, pakavu. Sultani akapiga mwayo.

"Pete, binti yangu!" Sheikh Abdulmuhsini akamnong'oneza. "Pete! Neno moja tu na sote tumeokoka!"

Mwanakheri akaishika pete kidoleni. Aliogopa, wala tusimsingizie ushujaa asiokuwa nao. Aliwaona ndovu, akakumbuka neno la baba yake. Lakini chini shimoni Mbwarali akaita, "Bibie, udongo umebadilika rangi! Mfinyanzi alisema rangi hii ikitokea, bado kidogo!"

Akaiachia pete, akajifunga kibwebwe, akateremka kwa kamba mwenyewe na jembe mkononi. Na dhiraa ya ishirini na tatu, kabla binadamu hajaona tone, ndovu wa Sultani wakanyanyua mikonga wakapiga kelele, na maji yakawafika wachimbaji wale wawili kiunoni.

Sheikh Abdulmuhsini akapiga magoti kwenye tope mbele ya watu wote. "Ewe Sultani, kosa si la ndege. Sisi ndio tuliowafundisha nusu, na hatukumwuliza mtu yeyote kwa miaka mia tatu."

Sultani akasema, "Ndovu watarudi kwao. Na wewe binti mwenye pete ya jini, wafumbe hao kasuku ukitaka, nimekupa ruhusa."

Mwanakheri, maji yakimchuruzika, akaisugua pete. Dhurgami akatokea, mrefu kuliko kilima. "Labeka, bibi yangu. Niwafumbe?"

"La. Wafundishe ukurasa wa kwanza wa kila kitabu. Na kila kasuku amalizapo somo, amwulize msikilizaji: 'Na kwenu mambo yakoje?' Atakalojibiwa alilete chuoni, tulipime, na anayelipima vizuri apewe ijaza, awe amesoma kwa sheikh au juu ya paa."

Jini akatii, kisha hakuondoka. Akainamisha kichwa chake kikubwa. "Bibi, amri yako nimeimaliza na sasa mimi ni huru. Miaka mia tatu nimesikia kila jibu duniani, na hakuna aliyewahi kuniruhusu kuuliza. Naomba nafasi ya nyuma kabisa. Nina swali."

Akapewa. Na Mwanakheri akaolewa na Mbwarali, kwa mahari ya kisima kile na shamba lote linalonyweshwa nacho, zawadi ya Sultani, wakatajirika kwa komamanga na ndimu, na kila mwaka wanafunzi wakaja kuwachimbia bure ili wajifunze. Nami niliyewasimulia nawausia hivi: mwenye elimu asiyeulizwa ataipoteza bila kujua. Basi kwa kuwa nimemaliza, nanyi mmekula maneno yangu mkashiba, nijibuni: na kwenu mambo yakoje?