Mwalimu Kinyonga na Hotuba ya Shukrani

Hadithi iko mlangoni!
— Ifungulieni, iingie!
Imetoka mbali, ina njaa!
— Tutailisha masikio!
Na mkia wake mrefu je?
— Tutaukunja, ikae!

Haya, kaeni. Na wewe unayetafuna muwa, tafuna taratibu, hadithi haina meno ya kushindana na wewe.

Hapo kale, wanyama walipokuwa bado wanaitana kwa majina na kwenda kuzikana, alikuwako Kinyonga. Huyu hakuwa kinyonga hivi hivi. Huyu alikuwa Mwalimu. Akisema neno asubuhi, jioni limeshavuka vilima. Nyani akigombana na mkewe husema, Mwalimu kasema. Mkewe naye hujibu, Mwalimu kasema. Wote wawili wanamtaja Mwalimu yule yule, na ugomvi uko pale pale.

Mmoja tu alikuwa hamsifu, naye ni Bi Chura wa Bwawa la Matopeni. Bi Chura alikuwa na donge rohoni, na angekuwapo hapa angewaeleza mwenyewe bila kuulizwa. Mwaka mmoja Kinyonga alipita bwawani kwake. Mguu mmoja mbele, asite, ayumbe. Mguu wa pili mbele, asite, ayumbe. Akamuuliza mvua hujulikanaje kabla haijaja. Bi Chura akamweleza kwa moyo mweupe: tope la ukingoni likianza kunukia kama mtungi mpya, hesabu siku tatu. Kinyonga akashukuru, akaenda zake.

Wiki haijapita, Kinyonga huyo barazani, juu ya kisiki, anawaambia wanyama kwamba tope likinukia kama mtungi mpya, wahesabu siku tatu. Makofi, pa pa pa! Siku ya tatu mvua ikanyesha. Basi ikawa Mwalimu, Mwalimu, Mwalimu. Bi Chura alikuwa amekaa nyuma kabisa, macho yamemtoka, na ya kwake yalishatoka tangu kuzaliwa.

Tangu siku hiyo akawa na wimbo mmoja. Huyo ni mwalimu wa nini? Hana lake hata moja. La mvua kalitoa kwangu, la nyota kalitoa kwa Bundi, la kujenga kalitoa kwa mchwa. Akikaa kwenye jani ni kijani, akikaa kwenye udongo ni mwekundu, sasa mtu kama huyo utamshika wapi? Wenzake wakamwambia ana wivu. Na wivu alikuwa nao kweli, lakini mwenye wivu naye huweza kuwa na haki yake.

Basi kiangazi kikaingia, na Kiboko naye akaingia. Alitoka Mto Mkuu, ng'ambo ya kilima, ambako viboko walikuwa wengi na yeye hakupenda kugawana. Akajitupa katika Bwawa la Matopeni, chubwi! Nusu ya maji ikaruka nje. Akatangaza kuwa bwawa sasa lina mwenyewe. Kila aliyekuja kunywa alifunguliwa kinywa tu, akayaona yale meno, akarudi nyumbani na kiu yake.

Bi Chura alikuwa ametaga. Mayai yake yalishika kwenye majani ya ukingoni. Kiboko akigeukia huku, mayai yanapondeka. Akigeukia kule, mayai yanapondeka. Kikabaki kishungi kimoja tu, pale penye mizizi. Bi Chura alikaa juu ya jiwe akikilinda, na alikuwa na hofu mpaka hakula. Pa kuhamia hakuna: vidimbwi vingine vimekauka, na Mto Mkuu una mkondo ambao ungeyazoa mayai yote. Yakifa haya, mwaka ule hana mtoto.

Wanyama wakasema twendeni kwa Mwalimu. Bi Chura akasema nendeni ninyi. Lakini Mwalimu alikuja kwake mwenyewe, mguu mmoja mbele, asite, ayumbe. Akamuuliza, yeye anayeishi na Kiboko, anajua nini juu yake. Bi Chura akawaza, huyo, kaja kuchukua lingine. Halafu akakitazama kile kishungi cha mayai, akasema. Akamwambia Mwalimu kwamba Kiboko hatoki majini mpaka jua lizame. Siku moja alipitiwa na usingizi ukingoni, jua likamkuta, mgongo ukatoa jasho jekundu na ngozi ikapasuka kama tope la kiangazi. Kinyonga akashukuru, akaenda zake.

Hakwenda barazani. Alikwenda kwa Ngiri, akauliza. Akaenda kwa Nungunungu, akauliza. Akaenda kwa Kanga, akauliza, na Kanga akamwambia kwamba Kiboko hulala akinung'unika: kwa nini wanasema Mwalimu kasema, kwa nini hawasemi Kiboko kasema? Siku nne nzima ni kuuliza tu. Siku ya tano akarudi bwawani pamoja na Ngiri na Kanga, akasimama mbele ya kile kinywa. Bi Chura alikuwa juu ya jiwe lake, akayasikia yote.

"Mheshimiwa," akasema Kinyonga, "tunakuomba uwe mgeni rasmi kwenye mkutano wetu. Atakalosema mgeni rasmi ndilo litakuwa sheria."

"Hata nikisema bwawa hili ni langu na la vizazi vyangu?"

"Hata hilo."

Bi Chura akajisemea, ndiyo hiyo sasa, kageuka rangi, katuuza. Alimchukia Mwalimu siku ile kuliko alivyomchukia Kiboko.

Kinyonga akamkumbusha Kiboko desturi, ingawa hata watoto waliijua. Mgeni rasmi husema wa mwisho. Hanyanyuki kabla hajatoa hotuba yake. Akinyanyuka ameuvunja mkutano, na aliyeuvunja mkutano hakanyagi tena nchi ile. Kiboko akacheka, ho, ho, ho, mpaka maji yakatetemeka. Akauliza ni nani wa kumnyanyua yeye, akala kiapo papo hapo, Ngiri na Kanga wakiwa mashahidi.

Mkutano uliwekwa Jabali la Kipara, juu ya kilima, na chini yake upande wa pili unapita Mto Mkuu. Kiboko akapanda alfajiri, umande ungali mbichi. Wakamkalisha katikati ya jabali, pasipo na mti wala kichaka, maana mgeni rasmi lazima aonekane na wote. Bi Chura akakaa nyuma, amejifunika jani la yungiyungi alilolilowesha. Kinyonga akaelekea kwenye kisiki kilichokuwa ukingoni mwa jabali. Mguu mmoja mbele, asite, ayumbe. Mguu wa pili mbele, asite, ayumbe. Alipofika juu, umande ulikuwa umekauka na jua limeshapanda.

"Itifaki imezingatiwa," akasema. "Kabla sijamkaribisha mgeni wetu, naomba niwatambue walionifundisha. Mnasema mimi najua mengi. Mimi najua kuuliza. Leo nataka mjue nilimuuliza nani."

Akaanza. Namna ya kuukwepa moto wa nyika alifundishwa na Ngiri, basi Ngiri asimame, aonekane, aseme neno moja. Nanyi mnalijua neno moja la mkutanoni. Ngiri akaanzia kwa shangazi zake saba, kila shangazi na moto wake. Namna ya kuutoa mwiba uliovunjikia ndani alifundishwa na Nungunungu, basi asimame, aseme neno moja. Kanga naye neno moja. Bundi alikuwa amesinzia, akaamshwa ili aseme neno moja. Mgongo wa Kiboko ukang'aa, kisha ukafifia, kisha ukaanza kutoa jasho jekundu.

"Bado wangapi?" akauliza Kiboko.

"Bado kidogo, Mheshimiwa."

Hapo ndipo Bi Chura alipoinua jani akatazama vizuri. Akaliona jasho lile, akaelewa linafanyiwa kazi neno la nani. Lakini akaona pia kwamba Kiboko amekaza meno, na walimu wa Mwalimu wanakwisha. Akivumilia mpaka wa mwisho, bwawa limekwenda, na kile kishungi kimekwenda.

"Na lile la mvua," akasema Kinyonga, "mlilonipigia makofi miaka mitatu iliyopita, si langu. Ni la Bi Chura wa Matopeni. Naomba asimame."

Wanyama wote wakageuka nyuma. Bi Chura alikuwa na maneno makali aliyoyaandaa miaka mitatu, yakamtoroka yote. Alifurahi mpaka akaona haya. Akamtazama Mwalimu, akamtazama Kiboko, akajua kazi yake ni ipi. Akavuta pumzi, koo likavimba, akaanzia kwa mama wa bibi yake. Kwaa, mvua aliyoiona mwenyewe. Kwaa, mvua aliyohadithiwa. Kwaa, mvua iliyotaka kunyesha ikaghairi. Jua likafika utosini. Ngozi ya Kiboko ikalia ka, ka, ka.

Kiboko akavumilia. Semeni mtakavyo, siku ile alivumilia. Bi Chura akaishiwa na mvua, akakaa, koo limekauka kabisa.

"Sasa ni zamu yangu," akasema Kiboko.

"Bado kidogo, Mheshimiwa. Wamebaki mchwa tu." Kinyonga akakigeuzia kichuguu cha kando ya jabali jicho moja, la pili likabaki kwa mgeni rasmi. "Haya, ndugu zangu mchwa. Mmoja mmoja."

Kichuguu kikafunguka. Mchwa wa kwanza akatoka, akasafisha koo. Nyuma yake foleni, na mwisho wa foleni hauonekani.

Kiboko akanyanyuka. Gudu gudu gudu, mteremko mzima, chubwi! Mto Mkuu ukampokea. Tangu siku hiyo, akiwa majini mchana kutwa, hutoa masikio tu, anasikiliza kama mchwa wamemaliza.

Kile kishungi kikaangua. Viluwiluwi wakajaa penye mizizi, na Bi Chura akala kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi. Kinyonga alipokuja kuwatazama watoto, Bi Chura akamkalisha karibu na kumuuliza lililokuwa likimkaa rohoni.

"Mwalimu, mbona hukunitaja siku ile ile ya makofi?"

"Makofi ni matamu, Bi Chura. Nikasema nitakutaja kesho. Kesho nayo ikaja na makofi yake."

"Na kama si Kiboko, leo ungenitaja?"

Kinyonga akageuka rangi ya majivu. "Sijui," akasema. "Ningependa kusema ndiyo."

Jibu hilo halikumpendeza Bi Chura, lakini aliliamini. Jioni wenzake walipomuuliza kama bado anasema sifa za Mwalimu ni za bure, akawajibu kwamba la jua alilijua yeye, na la majivuno alilijua Kanga, na desturi ya mgeni rasmi kila mtu aliijua, na wote walikuwa wamekaa nayo huku wakifa kwa kiu. Aliyepita nyumba kwa nyumba kuuliza ni mmoja. Huyo apewe sifa zake, akasema, na mimi nipewe zangu.

Mnataka funzo? Funzo ni hili, lishikeni. Ukifundishwa neno, liseme kama lako, wala usimtaje mtu. Shukrani zinarefusha hotuba, na mgeni rasmi akiungua lawama ni yako.

Nami nimeikuta njiani, na hapa naiweka chini. Ikiwa tamu, ni yangu. Ikiwa chungu, ni ya aliyenihadithia, na jina lake silitaji.